Kutafuta pasheni isiyoijua dawa: shajara ya maabara, Kampala

Wiki ya 1, Jumatatu

Kazi imeanza, kwa maana kwamba friza imesafishwa na daftari jipya limefunguliwa. Tunataka kitu kimoja: kuweza kupima mabaki ya viuatilifu kwenye pasheni hadi miligramu 0.01 kwa kilo. Hicho ndicho kiwango ambacho Umoja wa Ulaya hukitumia kwa kila dawa isiyowekewa kiwango chake mahsusi, na wateja waliotuomba kazi hii wanauza huko. Kwa asiyekaa na namba hizi kila siku: ni gramu moja ya dawa ndani ya tani mia za matunda, malori kumi ya tani kumi kumi. Sisi tutaitafuta kwenye gramu 10 za rojo.

Shajara naiandika kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha tunayokutana sote. Madam, mkuu wa maabara, ni mtu wa Busia, mpakani na Kenya. Kijana wetu wa mafunzo katoka Unguja. Mimi mtoto wa Bombo, kaskazini ya Kampala. Luganda ya kijana bado ni ya "webale" (asante) tu. Nimemwonya kwamba sokoni akiomba "matunda" atapimiwa pasheni, maana kwa Luganda amatunda ndiyo pasheni yenyewe. Kwao wanaita karakara. Kwenye lebo za vichupa tumekubaliana "pasheni", mjadala umefungwa.

Jumatano

Njia ni ile ya QuEChERS, iliyochapishwa mwaka 2003 na ambayo leo imeenea maabara karibu zote za kazi hii, kwa sababu ni rahisi na haitaki kiyeyushi kingi. Kijana hakuwahi kuifanya kwa mikono yake, kwa hiyo leo nimemwachia. Gramu 10 za tunda lililosagwa ndani ya mrija wa mililita 50. Mililita 10 za asetonitraili, ndiyo kiyeyushi chetu. Tikisa. Halafu zinaingia chumvi: gramu 4 za magnesiamu salfeti, gramu 1 ya chumvi ya kawaida, na sitreti mbili za kutuliza asidi.

Hapo ndipo nilipomwambia asizubae. Magnesiamu salfeti ikikutana na maji inatoa joto, mrija unakuwa wa moto mkononi kama glasi ya chai. Ukichelewa kutikisa, chumvi inashikana kuwa jiwe kule chini. Alichelewa. Tumetupa mirija miwili. Wa tatu aliutikisa mpaka miwani ikamtoka, ukatoka vizuri kabisa: baada ya kuzungushwa kwenye sentrifuji, asetonitraili ikakaa juu, safi, na dawa nyingi (kama zipo) zimepanda nayo, huku maji na sukari nyingi vimebaki chini na matope ya maganda.

Ijumaa

Tatizo la kwanza la kweli. Ili mashine ikwambie pasheni ya mkulima ina dawa kiasi gani, lazima kwanza uionyeshe pasheni isiyo na dawa ambayo umeitia dawa mwenyewe, kwa kipimo unachokijua. Huwezi kutumia kiyeyushi kitupu ukadhani umemaliza, maana juisi ya tunda huingilia: dawa moja inasikika kwa sauti ndogo kuliko ilivyo, nyingine kwa sauti kubwa. Kwa hiyo tunahitaji pasheni safi, tunayoiita "tupu".

Nimenunua kwa akina mama watatu kwenye soko moja hapa mjini, kilo moja moja. Ya kwanza ina metalaksili, dawa ya ukungu. Ya pili ina profenofosi na saipamethrini, dawa mbili za wadudu ambazo mara nyingi huuzwa ndani ya chupa moja. Ya tatu nilianza kuifurahia, mpaka kabendazimu, nayo ya ukungu, ikajitokeza dakika za mwanzo. Hakuna iliyokuwa na kiasi cha kutisha. Lakini tupu yenye kitu ndani si tupu.

Madam kaangalia karatasi, kanirudishia: "Basi tafuta tunda ambalo halijawahi kuona bomba la mgongoni." Kampala nzima sijui pa kulipata. Ninajua mahali pamoja tu, na ni kwa shangazi.

Wiki ya 2, Jumapili

Bombo. Shangazi ana mpasheni nyuma ya jiko, umepanda mfenesi mpaka juu, hakuna aliyeupanda wala anayeupalilia. Wadudu wake wanaliwa na kuku. Matunda ni madogo, mengine yana makovu, na hilo limenipa matumaini.

"Maabara yote hiyo, mashine za mamilioni, mnakuja kuomba kwa mjane?" kaniuliza, huku anachuma. Alitaka kunifungia kwenye kavera, mfuko wa plastiki, iliyokuwa na unga. Nimemwomba radhi, nimetoa mifuko ya karatasi niliyokuja nayo. Kilo tatu. Mwongozo wa Codex, viwango vya kimataifa vya chakula, kwa matunda ya ukubwa huu unataka angalau kilo moja na matunda yasiyopungua kumi, lakini tupu huwa inaisha upesi kuliko unavyodhani.

Jumanne

Kusaga pasheni ni vita. Kipimo cha kisheria ni cha tunda zima, ganda na mbegu ndani yake, si ile nyama ya njano unayokula kwa kijiko. (Mteja mmoja alishatuletea juisi kwenye chupa ya maji, akidhani anaturahisishia kazi.) Ganda ni gumu kama ngozi, mbegu zinarukaruka ndani ya blenda. Dawa yake ni baridi: kata vipande vinne, gandisha usiku kucha, saga yakiwa bado jiwe. Unapata unga wa zambarau wenye vidoa vyeusi, unaofanana sampuli nzima, na harufu yake imejaza korido mpaka mapokezi wamekuja kuuliza kama kuna juisi.

Alhamisi

Tupu ya shangazi ina saipamethrini.

Nimeangalia mara tatu. Saipamethrini huwezi kuikosea, kwa sababu kwenye mashine ya gesi, inayotenganisha dawa na kuzichora kama vilele, haiji na kilele kimoja. Ni mchanganyiko wa ndugu wanaofanana, basi hutoka vilele vinne vimebanana kama watoto kwenye benchi moja la shule. Vyote vinne vipo. Uwiano wa ayoni uko sawa. Muda wa kutoka uko sawa. Kama ingekuwa sampuli ya mkulima ningeshaisaini.

Nimempigia.

"Shangazi, shikamoo."

"Marahaba, baba. Matunda yamefika salama?"

"Yamefika. Shangazi, kwani hapo nyuma ya jiko hamkupuliza kitu chochote? Hata dawa ya mbu?"

Kimya. Halafu: "Wewe umekula matunda ya mti ule kabla hujaota meno. Leo umesoma, unaniuliza kama nimekuwekea sumu?"

Nimejaribu kueleza vilele vinne. Haikusaidia.

Wiki ya 3, Jumatatu

Madam kaniuliza swali ambalo nilipaswa kujiuliza Alhamisi kabla ya kushika simu: "Umepitisha maji?"

Yaani tupu ya tupu. Kila hatua ileile, chumvi zilezile, mirija ileile, ila badala ya tunda unatia maji safi. Nimepitisha leo mchana. Vilele vinne vile vile, kwenye maji. Sijui nicheke au nilie. Saipamethrini ni yetu, iko humu ndani.

Jumatano

Siku mbili za kumsaka mchawi. Asetonitraili ya chupa mpya: safi. Chumvi ya mfuko ambao haujafunguliwa: safi. Chumvi ya kopo lililo wazi karibu na mizani: ina. Kitambaa tunachofutia blenda: kina, tena nyingi kuliko sampuli yoyote tuliyowahi kupima.

Askari wa usiku ndiye aliyemaliza kesi, tena bila kuulizwa, alipoona nanusa kitambaa. "Aa, wale mende! Jumamosi, si hii iliyopita, ile ya nyuma yake, walikuwa wanatoka kwenye shimo la maji, nikawapulizia wote. Nikafuta na meza. Nilidhani mtanishukuru." Kalileta kopo lenyewe. Nimesoma ubavuni: saipamethrini.

Siwezi kumlaumu. Hakuna aliyemwambia kwamba chumba kinachotafuta dawa ya wadudu ndicho chumba pekee katika jengo hili ambapo mende ana haki ya kuishi. Tumetupa chumvi zote zilizo wazi, tumeosha vioo kwa asetoni, blenda imefunguliwa mpaka kwenye mpira wake. Mlangoni sasa kuna karatasi kwa Kiswahili, Luganda na Kiingereza. Kijana ameichorea mende mwenye taji.

Ijumaa

Maji: safi. Pasheni ya shangazi, sampuli mpya kutoka friza iliyosagwa kwa blenda iliyooshwa: safi. Hakuna hata moja kati ya dawa 60 tulizo nazo kwenye orodha.

Nimempigia tena. Amenisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia atanisamehe nikija mwenyewe, si kwa simu.

Wiki ya 4

Umeme ulikatika saa nane usiku wa Jumatatu, betri zikashika dakika ishirini, jenereta ikagoma. Pampu za ombwe zikisimama mashine inaingia hewa, na kuirudisha kwenye hali ya kupima ni usiku mzima mwingine. Fundi wa jenereta anasema shida ni mafuta. Muuza mafuta anasema shida ni fundi. Basi.

Alhamisi tukaanza urejesho: unatia kiasi unachokijua kwenye tupu, unapitisha njia nzima, unaona kinarudi kiasi gani. Mirija mitano kwa 0.01, mitano kwa 0.1. Mwongozo wa Ulaya unataka wastani uwe kati ya asilimia 70 na 120, na tofauti baina ya mirija isizidi asilimia 20. Dawa nyingi zimepita. Kabendazimu imerudi asilimia 58.

Sababu ni uchachu. Sitreti zinatakiwa kuifikisha rojo kwenye pH 5 hivi. Karatasi yetu ya kupimia asidi ilikuwa bado chini ya 4, maana pasheni haina mchezo. Kwenye asidi kali kabendazimu inabeba chaji, na chenye chaji hupenda maji. Kwa hiyo ilibaki chini na matope badala ya kupanda kwenye asetonitraili. Kwa ndimu mbinu yenyewe ina maelekezo ya kuongeza sodiamu haidroksaidi. Tukaazima maelekezo hayo, tukapunguza kipimo kidogo kidogo mpaka karatasi ikasema 5. Urejesho: 91. Kijana kaomba aandike namba hiyo yeye kwenye daftari, nimempa kalamu.

Wiki ya 5, Jumatano

Barabara ya Masaka kuchukua sampuli. Kayabwe kwenye mstari wa ikweta tulisimama, kijana alitaka picha akiwa na mguu mmoja kila upande.

Mkulima wetu ni mwanajeshi mstaafu, Kiswahili chake ni cha kambini, kifupi na cha moja kwa moja. Nimemwita "afande" naye akaniita "kijana" siku nzima, ikawa sawa. Ekari mbili, nguzo zimesimama kama gwaride, waya umenyooka. Mvua zimekuwa nyingi na majani yana madoa ya kahawia.

Anayo daftari. Hili sikulitarajia: tarehe, jina la dawa, mabomba mangapi. Mankozebu, dawa ya ukungu, kila wiki tangu mvua zianze. Metalaksili na mankozebu zilizochanganywa, mara mbili. Dawa ya vidukari mwezi uliopita, kwa sababu vidukari ndio wanaobeba kile kirusi kinachoyafanya matunda kuwa magumu kama mbao.

"Afande, na siku za kusubiri kabla ya kuvuna?"

Alinichukua mpaka kwenye mmea mmoja. Juu yake kulikuwa na ua, kitunda cha kijani kama zeituni, tunda lililokomaa, na mawili ya zambarau chini ardhini. "Chupa inasema subiri siku kumi na nne. Haya, mwambie huyu asubiri." Akaokota ya chini. "Mimi navuna Jumatatu na Alhamisi. Nikisubiri siku kumi na nne, navuna siki. Nisipopuliza, kwenye mvua hii, sivuni kabisa. Wewe mwenye maabara, unaniambiaje?"

Nimesimama pale na mifuko yangu ya karatasi. Hili ndilo jambo ambalo lebo ya dawa haikulifikiria. Mahindi yana msimu wa kuvuna, unaweza kuhesabu kurudi nyuma. Pasheni inachanua, inabeba na kuangusha kwa wakati mmoja, kwa miezi. Kila unyunyizaji unakuta tunda litakalookotwa kesho. Jibu la kweli ni kuchagua dawa zenye siku chache za kusubiri, mbili au tatu, na kupuliza jioni ya siku ya mavuno baada ya kuokota yote yaliyoiva. Nimemwambia hivyo. Akaniuliza dawa hizo zinauzwa duka gani la pembejeo hapa karibu, na bei yake. Nimeandika maswali yote mawili, sijayajibu.

Sampuli: matunda 30, kutoka pande zote za shamba na kila kimo cha waya, si yale ya karibu na njia tu. Kijana alitaka kuyafuta vumbi. Hapana. Hayaoshwi, hayafutwi.

Wiki ya 6, Alhamisi

Namba za afande. Metalaksili ipo, ndogo. Dawa yake ya vidukari haikuacha alama. Lakini kuna klopirifosi, dawa ya wadudu: 0.015. Nimerudia kuanzia friza: 0.014 na 0.016.

Daftari lake halina klopirifosi. Na Ulaya dawa hii haina rafiki tena: ruhusa yake haikuongezwa mwaka 2020, tangu Novemba mwaka huo kiwango kikashushwa hadi 0.01, na mwaka 2025 ikaingizwa kwenye orodha ya Mkataba wa Stockholm, ule wa kuondoa kemikali za sumu zisizooza upesi, pamoja na misamaha kadhaa. Nilimpigia nikijua jinsi shangazi alivyojisikia, kwa hiyo safari hii nilianza na maji: nimeshayapitisha, ni safi, si sisi.

"Hiyo kwenye matunda siweki," akasema. Halafu akanyamaza kidogo. "Ni ya nguzo."

Mchwa. Wanakula nguzo kutoka chini, basi kila nguzo alimwagia dawa ya mchwa shinani, na mmea umepanda hapohapo. Kwake hilo halikuwa kupuliza shamba, ndiyo maana halimo kwenye daftari la shamba. Nimemwelewa. Mimi nami sikuwa nahesabu kopo la mende kuwa kiuatilifu.

Wiki ya 7

Wiki nzima ya kubishana juu ya namba moja. Kwa kazi hii Ulaya wanahesabu shaka ya kipimo kuwa asilimia 50. Yaani 0.015 yetu inaweza kuwa chochote kati ya 0.0075 na 0.0225, na kwa kuwa upande wa chini haujavuka 0.01, mkaguzi kule hawezi kusema sheria imevunjwa. Karani wa msafirishaji hataki kusikia habari za upande wa chini. Anasoma 0.015, anasoma 0.01, anafunga faili. Kaniomba "niondoe ule mstari wa kujumlisha na kutoa unaochanganya watu". Nimekataa, mstari umebaki. Mzigo haukwenda Ulaya. Afande ameuuza Kampala kwa bei ya Kampala.

Msimamo wangu, ambao Madam hakubaliani nao wote: msafirishaji hakukosea kuogopa, amekosea kumlaumu mkulima kabla ya kumuuliza. Swali moja kuhusu nguzo lingetosha. Madam anasema kazi yetu inaishia kwenye karatasi.

Kinachoninyima usingizi zaidi ni kitu kingine. Afande anapuliza mankozebu kila wiki, kwa maandishi yake mwenyewe, na ripoti yetu haina mankozebu. Si kwamba haipo. Mankozebu haiyeyuki vizuri kwenye kiyeyushi chochote tunachotumia, na ukilikata tunda inaanza kuharibika kwenye juisi. QuEChERS haiioni kabisa. Metalaksili tuliyoiona ni kama unyayo wake, kwa sababu hupulizwa pamoja, lakini unyayo hauna kilo. Njia yake ni tofauti: unachukua tunda bila kulisaga, unalipasha moto na asidi ya hidrokloriki na kloridi ya stanasi, dawa inavunjika na kutoa gesi ya kaboni disalfaidi, na gesi hiyo ndiyo unayoipima. Kemikali zimeagizwa. Zimefika Ijumaa, kifuniko cha asidi kimelegea, tumezirudisha, zimekuja nyingine.

Wiki ya 8, Jumapili

Tupu tena. Ile ya friza imeshasagwa, kwa mankozebu haifai. Nimekwenda Bombo mwenyewe, kama nilivyoahidi, na sukari kilo mbili mkononi.

Shangazi alikuwa na sharti. Alitaka karatasi yenye mhuri inayosema mti wake hauna sumu, kwa sababu habari ya simu ile ilishafika kwa majirani. Nilikuwa nayo mfukoni. Aliinyoosha juu ya goti, akanipa nimsomee: tumetafuta dawa 60, hakuna iliyoonekana kufikia 0.01.

"Na zile ambazo hamkuzitafuta?"

"Ndizo nilizozijia, shangazi."

Ameikunja karatasi, kaitia kwenye kanga, kanionyesha mti. Kilo mbili, mifuko miwili ya karatasi, hakuna tunda lililokatwa.